Rufaa ya Dereva wa Greda

Niliendesha greda la halmashauri kwa miaka kumi na saba, na hakuna kazi nyingine niliyowahi kuipenda. Halmashauri yenyewe sitaitaja, wala sitamtaja mtu yeyote kwa jina, kwa sababu wengine wamekufa na waliobaki tunakutana sokoni. Kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Barabara ya udongo ukiiacha misimu miwili bila kuichonga inageuka mfereji, na ndizi za watu zinaivia shambani kwa kukosa gari la kuzifuata. Kwa hiyo dereva wa greda ni mtu anayejulikana. Nilipokuwa nikichonga barabara za Masukulu, nilikozaliwa, akina mama walitoka na maziwa ya mgando kwenye vikombe vya plastiki, nikanywa nimekaa hukohuko juu ya mashine, injini ikinguruma.

Bosi wangu alikuwa injinia wa barabara. Si mtu wa huku. Alihamishiwa kwetu akiwa tayari na mvi, mpole, mwenye tabia ya kuzungusha funguo za gari kidoleni anapoongea. Alhamisi moja alinikuta karakana nikipaka grisi.

"Kesho ukimaliza Masukulu usirudi mjini," aliniambia. "Pandisha mpaka kwenye shamba la maparachichi kule juu, uwafungulie barabara yao. Kazi ya siku mbili."

Shamba lile nililijua. Mwenyewe alikuwa mtu mzito ambaye haishi huku, anakuja mara moja moja na gari lenye vioo vyeusi.

"Karatasi ya kazi iko wapi, injinia?" nikamuuliza.

"Nitakuandikia Jumatatu. Hao watu wananipigia simu tangu asubuhi. Wewe nenda."

Greda la umma halitoki bila karatasi ya kazi, inayosema linakwenda barabara gani na kwa siku ngapi. Huo ndio utaratibu. Lakini mara kadhaa kabla ya hapo tulishatoka kwa maneno ya mdomo na karatasi ikafuata baadaye. Nikaenda.

Siku ya pili kule shambani, kama saa nne asubuhi, ukingo wa barabara uliachia. Udongo wetu ukishiba maji hautoi taarifa. Nilisikia gurudumu la nyuma likizama, greda likalala ubavu taratibu, kama ng'ombe anayelala, likateleza mpaka kwenye migomba iliyokuwa chini. Mimi nilibaki nimeng'ang'ania usukani, sijaumia popote isipokuwa kiwiko. Mwanamke aliyekuwa anachuma chai upande wa pili wa bonde ndiye aliyefika wa kwanza. Aliniangalia nikitoka kwa kutambaa, akaniuliza kama nina mke. Nikasema ninaye.

"Basi mpigie," akasema, "kabla hajasikia kwa watu."

Simu haikushika mtandao pale. Nilipofika mahali inaposhika, vijana walishapiga picha na picha zilishafika mjini. Mke wangu aliniambia ameshaniona.

Kama greda lingelala kwenye barabara ya kijiji, ingekuwa ajali ya kazini na basi. Lakini picha ilionyesha kibao cha shamba nyuma ya mashine, kinasomeka vizuri kabisa. Madiwani wakauliza mali ya umma ilikuwa inafanya nini kwenye shamba la mtu binafsi. Mkurugenzi akamuuliza injinia. Injinia akasema hajui, yeye alinituma Masukulu.

Nilipata barua ya kusimamishwa kazi, kisha barua ya kunitaka nijieleze, kisha nikaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Nilieleza kila kitu kama kilivyokuwa. Mwenyekiti akamgeukia injinia, akamuuliza kama ni kweli. Injinia aliangalia chupa ya maji iliyokuwa mezani mbele yake.

"Mimi sikumtuma," akasema.

Nilimngoja aninyanyulie macho. Tulikuwa tumekula pamoja barabarani mara nyingi, viazi vya kuchoma, tumekaa juu ya tairi. Hakuninyanyulia. Wiki mbili baadaye nikafukuzwa kazi, kwa kosa la kutumia mali ya umma kwa manufaa binafsi na kuisababishia hasara.

Wakati huo tulikuwa tumepanga Ibighi, pale Tukuyu mjini, mimi, mke wangu na binti zetu wawili. Mke wangu alikuwa mpishi kwenye shule ya awali. Aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza, "Sasa hawa watu hata kama ungeiba, ungeiba barabara?" Ndiyo mara ya mwisho kwa muda mrefu tuliyocheka.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mtu mchangamfu sana, alinisaidia kujaza fomu na kunipeleka Mbeya, kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Hapa lazima nieleze jambo, maana maisha yangu yamezunguka hapa. Kuna tume mbili. Moja ndiyo hiyo ya usuluhishi, wanakokwenda wafanyakazi waliogombana na waajiri wao. Nyingine ni ya watumishi wa umma, ambako mtumishi aliyefukuzwa anakata rufaa yake. Mimi sikujua ipi ndiyo yangu. Nilimuuliza mwakilishi kama hapa ndipo penyewe, kwa kuwa nilisikia kuna nyingine.

"Tume ni tume," akanijibu. "Hawa wako karibu."

Nilisikilizwa kwa zaidi ya mwaka, kwa kuahirishwa na kurudi. Mwamuzi alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, mwenye subira. Aliniacha niseme. Aliwaita walinzi wa karakana, akamwita mtunza stoo, ambaye alieleza kwamba mafuta ya safari ile yalitolewa kwa simu ya injinia. Kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi nilimwona mtu akiandika ninachosema kana kwamba kina maana. Siku ya uamuzi alisoma kwa Kiswahili. Alisema nilitumwa na mkubwa wangu. Alisema nirudishwe kazini.

Nilitoka pale nikamkuta mke wangu amekaa kwenye ngazi, kwa sababu ndani alishindwa kukaa. Nilimwambia, akajifunika uso kwa kanga. Jumapili tulikwenda Masukulu kwa mama yangu. Mama ni mtu wa Kinyakyusa. Kiswahili chake ni cha kubahatisha, na kazi anaiita "kasi". Alinishika mikono yote miwili akasema, "Ndaga Kyala, ndaga fijo," akimshukuru Mungu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kesho unaenda kasini?"

Nikasema naenda. Na kweli Jumatatu nilikwenda, nimevaa ovaroli iliyofuliwa, na nakala ya uamuzi kwenye bahasha. Afisa utumishi aliipokea, akaisoma, akanipa kiti. Akaniambia nisubiri waitafakari. Nilisubiri siku ile mpaka ofisi zikafungwa, na wiki ile, na mwezi ule. Halafu ikaja hati ya kuitwa mahakamani. Mwajiri alikuwa ameomba Mahakama Kuu iupitie upya uamuzi.

Chama kilinipa wakili, dada mmoja kijana wa Mbeya, mwembamba, aliyetembea na mafaili yake kwenye mfuko wa kubebea sokoni. Alikuwa akiniita baba. Alinieleza tangu siku ya kwanza kwamba wakili wa serikali ameleta hoja moja tu, na hoja hiyo haihusu greda.

"Wanasema wewe ni mtumishi wa umma," alisema. "Ulitakiwa uende tume ile nyingine. Hii ya usuluhishi haikuwa na mamlaka ya kukusikiliza."

"Mbona walinisikiliza?"

"Ndiyo hoja yao, baba. Wasingekusikiliza."

"Na mwajiri alikuwepo mwaka mzima. Mbona hakusema?"

Alinieleza kwamba suala la mamlaka linaweza kuinuliwa wakati wowote, hata mwisho kabisa. Nilimwona anavyochukia kulisema.

Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha vitabu vya mashine. Najua presha ya mafuta na joto la injini. Nilimtazama wakili wangu usoni ili nijue. Aliacha kuandika katikati, akaweka kalamu chini. Tulipotoka akanisimamisha kwenye korido.

"Jaji hajasema ulikosea," akaniambia. "Wala hajasema hukukosea. Amesema kule ulikokwenda, kisheria ni kama hukwenda. Yote yaliyofanyika kule yamefutwa."

"Na mtunza stoo alivyosema?"

"Yamefutwa."

"Na kile mwamuzi alichoandika, kwamba nilitumwa?"

"Baba, yote."

Watu walitupita na makabrasha yao. Nikamwambia nataka kukata rufaa.

Hakunificha. Alisema nafasi ni ndogo, kwamba Mahakama ya Rufani imeshaamua kesi za namna hii na mara nyingi haziendi upande wetu. Alisema njia nyingine ni kwenda tume ile ya watumishi, lakini siku zake zimeshapita zamani, na itabidi kwanza niombe kuongezewa muda, na nikipewa nianze upya toka mwanzo, mbele ya watu wasionijua. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikasema rufaa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilikuwa namtetea yule mwamuzi mnene. Alikuwa ameniamini, na sikutaka afutwe.

Notisi ya rufaa aliiwasilisha ndani ya siku zinazotakiwa. Baada ya hapo kazi ikawa ni kusubiri nakala. Rufaa haiwezi kwenda bila mwenendo wa shauri, yaani maneno yote yaliyosemwa mahakamani, yakiwa yamechapwa na kugongwa muhuri. Kila mwezi nilishuka Mbeya kuuliza. Karani, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa na adabu.

"Haujachapwa, mzee wangu," aliniambia. "Jaribu mwezi ujao."

Baada ya miezi alikuwa akiniona mlangoni tu anatikisa kichwa, ili nisipange foleni bure. Huo ulikuwa wema na nilimshukuru kwa huo.

Mahakamani nilikuwa nakwenda na koti moja la kijivu. Alinishonea fundi cherehani ambaye tulikuwa majirani Ibighi, na duka lake lilikuwa Makandana. Ni Mwislamu, babu yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa akaoa huku, na yeye mwenyewe anaongea Kinyakyusa kuliko binti zangu. Alilishona siku zile za tume, nikiwa mtu mwenye kifua. Nilipokwenda Mahakama Kuu likawa linanipwaya, akalipunguza. Mwaka uliofuata akalipunguza tena. Mara ya tatu alilipindua, akaangalia mishono, akalirudisha mezani.

"Jirani," akasema, "hapa sasa nikikata, mifuko itakutana mgongoni. Wewe unakula?"

"Nakula."

"Basi hicho unachokula kinakwenda wapi?"

Alilikunja akanirudishia, na siku ile hakutaka niondoke. Alinikalisha kwenye benchi akaagiza chai, akaendelea kushona mpaka mvua ilipokatika.

Watu huuliza kwa nini sikutafuta kazi nyingine. Nilitafuta. Kampuni moja ya ujenzi ilinifanyia majaribio, nikachonga kipande cha barabara, msimamizi akashuka kwenye gari kukitazama. Kisha mmoja wao akatoa simu, akamwonyesha kitu, wakaniangalia. Ile picha. Nikarudi Masukulu nikamsaidia mama kuchuma chai yake na kupalilia migomba. Tulihama Ibighi, binti mkubwa akaenda kukaa kwa shangazi yake ili asome, na mke wangu akawa anaondoka alfajiri kwenda shuleni kwake mjini, anarudi jioni na matope mpaka magotini. Barabara yetu ya Masukulu ilikuwa inachongwa na dereva mpya. Alikuwa hajui kuinua mgongo wa barabara, ule mwinuko wa katikati unaofanya maji yakimbilie kwenye mitaro. Maji yalikuwa yanasimama katikati. Nilikuwa nikimwona anapita, namwamkia, naendelea na jembe langu.

Mwaka wa pili wa kusubiri nakala, mke wangu alirudi siku moja akaniambia injinia amelazwa, hospitali ya pale Makandana. Alikuwa ameshastaafu, amejenga nyumba hukuhuku. Amepooza upande mmoja. Mkewe alikuwa amemfuata mke wangu shuleni, akamwambia, "Mwambie mumeo aje, mzee anamtaka."

Sikutaka kwenda. Mke wangu hakunishurutisha. Aliniwekea shati safi kitandani, basi. Nilikwenda kesho yake mchana.

Alikuwa kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Uso ulikuwa umevutwa upande. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kiti cha mkewe, ambaye alitutazama akatoka nje na chupa ya chai. Injinia alizungumza polepole, anatafuta kila neno.

"Nilikutuma mimi," akasema.

"Najua, injinia. Nilikuwepo."

Machozi yalimtoka kwenye lile jicho moja zima. Alisema alipigiwa simu usiku wa siku ile ya ajali, akaambiwa akitaja shamba lile kwa mdomo wake atahamishwa. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Alidhani mimi nitapewa onyo tu, kwa kuwa nilikuwa mfanyakazi mzuri. Alilirudia hilo mara mbili, kwamba nilikuwa mfanyakazi mzuri. Kisha akasema yuko tayari kuapa.

Nilikuwa nimefikiria siku hiyo kwa miaka. Nilidhani nikiisikia sentensi ile nitapiga kelele, au nitampiga. Badala yake nilimwona anahangaika kuvuta shuka kwa mkono mmoja, nikamvutia.

Alipotoka hospitali, mkewe na mimi tulimshika huku na huku tukampeleka kwa wakili mmoja wa Tukuyu. Aliapa. Hati ya kiapo ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na saini yake ilikuwa imeyumba lakini inasomeka. Yote yalikuwemo: Alhamisi, karakana, shamba, simu. Niliiweka kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda gari la kwanza kwenda Mbeya.

Wakili wangu aliisoma akiwa amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Nilikuwa namtazama usoni kama nilivyomtazama siku ile ya hukumu.

"Hii ni karatasi nzuri, baba," akasema. "Ni nzuri sana. Lakini haina pa kuwekwa."

Nikamwambia sielewi.

"Rufaa yetu inauliza swali moja: tume ile ilikuwa na mamlaka au haikuwa nayo. Haiulizi nani alikutuma. Kwenye mashauri ya kazi Mahakama ya Rufani inasikiliza hoja za kisheria tu, na ushahidi mpya haupokelewi hivihivi. Na hata ungepokelewa, mwamuzi alishakuamini bila karatasi hii. Kuaminiwa huko hakukusaidia."

"Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba nilitumwa?"

"Hakuna anayebisha," alisema. "Ni kwamba hakuna anayeuliza."

Aliniuliza kama niko sawa. Nilisema niko sawa. Nilirudi na mfuko wangu wa plastiki mapajani, na njia nzima nilikuwa na aibu, kana kwamba nimekamatwa nikijaribu kuingia mahali bila tiketi.

Wiki ile injinia alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imedhoofika. Nadhani mkewe ndiye aliyekuwa amemshikia simu sikioni.

"Ile karatasi," akaniuliza, "imesaidia?"

Nilikuwa kwenye chai, kikapu mgongoni. Niliangalia chini kwenye bonde.

"Imesaidia, injinia," nikasema. "Wakili amefurahi sana."

Alishusha pumzi ndefu, nikaisikia. Akasema ahsante, kana kwamba ni mimi niliyempa kitu. Mwezi uliofuata alikufa. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanaume wengine kwenye mabenchi, na watu waliotujua wote wawili hawakujua waniangalie vipi. Mkewe alinishika mkono muda mrefu. Sikumwambia ukweli na yeye, na mpaka leo hajaujua.

Nakala zilipatikana hatimaye. Yule karani ndiye aliyenipigia, kwa simu yake mwenyewe, na alikuwa na furaha kuliko mimi. Kumbukumbu za rufaa ziliwasilishwa, kitabu kinene kilichofungwa kwa gundi, jina langu kwenye jalada mbele ya neno mrufani. Mke wangu alilipapasa jalada lile, akauliza nani atasoma yote hayo.

Tukangoja mpaka Mahakama ya Rufani ilipokuja kukaa Mbeya. Siku ya kusikilizwa nilivaa sweta, koti nililiacha. Majaji walikuwa watatu. Aliyekuwa katikati aliuliza kwa Kiswahili, "Mrufani yupo?" Nikasimama.

"Nipo, mheshimiwa."

"Kaa."

Hayo ndiyo maneno yangu yote katika rufaa yangu. Wakili wangu alisema vizuri, hata mimi nisiyejua Kiingereza nilijua kwamba anasema vizuri. Sauti yake ilikuwa imara, na jaji wa kushoto alimuuliza maswali, naye akayajibu bila kusita. Wakili wa serikali alisimama muda mfupi, akataja kesi za nyuma, akakaa. Tukaambiwa tutajulishwa. Nje, wakili wa serikali alinipa mkono. Alikuwa kijana mwenye heshima. "Shikamoo, mzee," aliniambia, "pole na safari." Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi kadhaa. Rufaa ilitupiliwa mbali. Mwishoni majaji waliandika kwamba sizuiwi kwenda kwenye chombo kinachostahili, kwa kufuata sheria, pamoja na sheria ya ukomo wa muda. Wakili wangu alinitafsiria sentensi hiyo mara mbili. Alikuwa analia kidogo, akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wake wa sokoni.

"Naweza kukuandikia maombi ya kuongezewa muda," alisema. "Bila ya chama, mimi mwenyewe."

"Nikipewa huo muda, itachukua miaka mingapi?"

Mimi nilikuwa nimebakiza miaka miwili kufikia umri wa kustaafu. Tulijua wote wawili kwamba hata nikishinda, nitarudishwa kwenye kazi ambayo umri wake umeshanipita. Nilimwambia aandike tu. Aliandika. Tuliambatanisha kiapo cha injinia, na nilifurahi kukiona kimepata mahali, hata kama ni nyuma ya karatasi nyingine. Mpaka naandika haya hakuna jibu, na siendi tena kuuliza.

Jioni ile ya hukumu nilimkuta mama ameketi mlangoni akimenya ndizi. Nilimwambia imekwisha. Aliniuliza kama nimeshindwa.

"Hawakusema nimeshindwa, mama. Wamesema nilipita mlango usio wangu."

"Na wako uko wapi?"

"Ulishafungwa."

Aliendelea kumenya. Alimenya mbili, tatu, akazitumbukiza kwenye sufuria. Kisha akaniambia kwa Kinyakyusa kwamba mgomba wa nyuma ya choo umelemewa, nikauwekee mti kabla haujaanguka. Nikaenda nikauwekea.

Mke wangu alirudi giza likianza kuingia. Alikuwa ameshapata habari kwa simu. Alinawa miguu nje, akakaa karibu nami kwenye benchi la jikoni mpaka chakula kikaiva. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema miaka yote hii, kila nilipokuwa nikishuka Mbeya, yeye alikuwa haombi nishinde. Alikuwa anaomba nichoke.

"Nilitaka urudi nyumbani," akasema. "Kazini wao walikuwa wameshakukataa."

Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekuambiaje?" akasema. "Ulikuwa huna kitu kingine."

Alinipakulia. Mama alisali kwa Kinyakyusa, sala ndefu, alitaja watoto na mvua na wafu wetu kwa majina. Kesi hakuitaja. Tukala.